Draiva za milango ya kompyuta ya kazi: kipi kifutwe, kipi kiachwe

Tangu watumiaji wahimizwe kuondoa programu wasizozihitaji kwenye kompyuta mpakato za kazi, lalamiko linalofika dawati la TEHAMA ni lilelile. Doki (kisanduku cha nje kinachoongeza milango) imechomekwa, skrini ya nje inawaka, mashine inachaji, lakini kibodi na waya wa mtandao vilivyounganishwa kwenye doki vimekufa. Mtumiaji anaomba doki nyingine. Mara nyingi doki ni nzima; kilichofutwa ni programu ya kuidhinisha vifaa.

Kwenye mlango wa Thunderbolt 3, wenye umbo la USB-C na alama ya radi pembeni, si kila kitu hupita njia moja. Kuchaji hupangwa na chipu iliyo kwenye mashine yenyewe, bila kuisubiri Windows. Picha nayo huruhusiwa bila idhini. Lakini kidhibiti cha USB na cha mtandao vilivyomo ndani ya doki hupita njia ya PCIe (njia ya data ya kasi ya ndani ya mashine), na mashine iliyowekwa kiwango cha usalama cha User Authorization haifungui njia hiyo mpaka mtumiaji akubali ndani ya Thunderbolt Control Center. Ukiifuta programu hiyo kabla ya kuidhinisha doki, umejiondolea pahali pa kukubalia. Kwa hiyo tunaomba hoja ya "mbona inachaji?" isitumike tena kama ushahidi kwamba hakuna kilichoharibika.

Idhini hiyo haikuwekwa kusumbua watu. Kifaa cha PCIe kinaweza kusoma kumbukumbu ya mashine moja kwa moja. Mwaka 2020 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven alionyesha, kupitia udhaifu uliopewa jina Thunderspy, kwamba mtu mwenye mashine mkononi anaweza kuvuka hata viwango hivyo vya usalama. Kinga madhubuti zaidi, Kernel DMA Protection, ilianza na Windows 10 toleo la 1803, kwa mashine zilizoundwa kuikubali. Andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia, kisha soma mstari wenye jina hilo. Ukisema On, kwa kawaida doki hukubaliwa bila wewe kubonyeza chochote.

Draiva na programu mwenza ni vitu viwili. Draiva hukaa kwenye hifadhi ya Windows na ndiyo inayoendesha mlango. Programu mwenza, kama Thunderbolt Control Center, ni dirisha la mipangilio na idhini tu, na kwenye mashine za karibuni huletwa na Microsoft Store. Kufuta dirisha hakufuti draiva. Na kama mashine ni nzito, usiilaumu draiva ya mlango usiotumika: wa kuangaliwa ni programu zinazojiwasha pamoja na Windows. Zizime kwanza kwenye Task Manager, sehemu ya Startup, ufanye kazi siku chache, ndipo uombe zifutwe.

Jambo jingine linalopotosha: kwenye mashine nyingi za Thunderbolt 3, kidhibiti hulala pasipo kifaa kilichochomekwa, na hutoweka kabisa kwenye Device Manager. Hapo watu huweka draiva upya, wakati mwingine ya toleo lisilo lake. Chomeka doki kwanza, kisha angalia. Kwenye Windows 11 yenye USB4 (kizazi kipya cha mlango wa USB-C), draiva ni ya Windows yenyewe, na vifaa huonekana kwenye Settings, Bluetooth & devices, USB.

Ikibidi draiva iondolewe, nakala hutangulia. Tengeneza folda C:\Nakala, fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika pnputil /export-driver * C:\Nakala. Kisha pnputil /enum-drivers ikuonyeshe jina la faili, mfano oem12.inf, mtengenezaji na toleo. Nakili jina hilo kutoka kwenye mashine husika. Halifanani kati ya mashine mbili. Kufuta ni pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall. Usiongeze /force: ikikataa, ina sababu. Kurudisha ni pnputil /add-driver C:\Nakala\*.inf /subdirs /install, kisha uwashe mashine upya.

Programu za bure zinazoahidi "kusasisha draiva zote" haziruhusiwi. Tumeshasema, na tunarudia. Draiva huchukuliwa Windows Update au kwa mtengenezaji wa mashine, kwa modeli kamili iliyoandikwa chini yake.

Sasisho la programu dhibiti ya Thunderbolt au BIOS (programu inayoiwasha mashine kabla ya Windows) lina hatari ya ziada. BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa usimbaji, isiposimamishwa kwa muda, mashine inaweza kuwaka ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Kazi hiyo mwachie fundi, chaja ikiwa imechomekwa.

Kubadili draiva bila tiketi (ombi la maandishi kwa dawati la TEHAMA) ni mabadiliko yasiyoidhinishwa, hata kama nia ilikuwa njema. Hatua ya kwanza ni kuondolewa haki za msimamizi. Ya pili, mashine kutolewa kwenye mtandao mpaka ikaguliwe. Mtumiaji akirudia, mkuu wa idara huarifiwa kwa maandishi. Tiketi iwe na modeli ya mashine, toleo la Windows, modeli ya doki, vinavyofanya kazi na visivyofanya kazi kwenye doki hiyo, na jina la programu iliyofutwa karibuni. Tiketi inayosema "doki haifanyi kazi" pekee itarudishwa.