Kuchora samaki na kutibu picha za zamani, mimi naona ni kazi moja

Wengi hapa Kigoma mnanijua kwa michoro ya samaki, na wachache mnaoniletea picha za ukutani zilizobanduka rangi huwa mnadhani hiyo ni shughuli ya pembeni tu. Sio hivyo. Nataka nieleze vizuri leo maana kuna vijana wananiuliza waanzie wapi, na naona wanatenganisha vitu ambavyo kwangu havitengani kabisa.

Chukua kuhe, samaki wa Ziwa Tanganyika letu hili. Ni jamii moja na sato, na kwenye jamii hiyo yeye ni kati ya wakubwa kabisa duniani. Ukitaka kumchora mpaka mtaalamu wa samaki amtambue kwenye karatasi, lazima uwahi mwaloni wavuvi wanaporudi, kwa sababu samaki akishakufa rangi zinamtoka haraka sana, ile manjano yake inafifia unabaki na ukijivu tu, kwa hiyo rangi unazidaka kwanza hata kabla umbo halijakaa sawa, umbo utalimalizia taratibu baadaye. Sasa mwangalie ubavuni. Kuna mstari wa vitundu vidogo sana ambao samaki anautumia kuhisi maji yanavyotikisika. Mtu anayechora kwa mazoea anavuta mstari mmoja kutoka kichwani hadi mkiani, msafi, unapendeza, na hapo ameshaharibu, maana kuhe na ndugu zake wengi mstari wao umekatika, wa juu unaanzia kichwani unaishia kabla ya mkia, halafu wa pili unaanza chini yake ndio unaofika mkiani. Miiba ya pezi la mgongoni nayo unaihesabu mmoja mmoja, huongezi hata mmoja eti mchoro ukae vizuri.

Hilo la kutoongeza ndio msingi wote wa kuhifadhi picha, na watu wengi hawalijui. Mtu akisikia "kutengeneza picha" anafikiria kuipaka upya ing'ae. Hapana jamani. Unarudisha kile tu kilichopotea, pale tu kilipopotea, na rangi ya mwenyewe aliyechora huigusi.

Kuna familia moja waliniletea picha ya mafuta kwenye kanvasi, ziwa, mtumbwi, na samaki mkubwa mbele kabisa. Nilizima taa nikaimulika kwa tochi ya ultravioleti, aina ileile wanayokagulia noti bandia. Vanishi ya zamani ya utomvu wa miti ukiimulika hivyo inatoa mng'ao wa kijanikijani, na rangi iliyopakwa baadaye juu yake inaonekana doa jeusi. Ubavu wote wa yule samaki ulikuwa mweusi! Kumbe rangi ilibanduka sehemu ndogo tu na aliyeitengeneza akaona arahisishe, akapaka ubavu mzima, akavuta na mstari mmoja mrefu. Tulikubaliana na wenyewe niitoe ile rangi ya juu, nikaenda nayo kwa pamba kwenye kijiti, kipande kidogo kidogo, lenzi jichoni, na chini yake mistari miwili iliyokatika ikaanza kutokea. Mchoraji wa kwanza alimwona samaki kwa macho yake, na ushahidi huo ulifunikwa na mtu ambaye hajawahi kumwangalia kuhe vizuri. Iliniuma sana.

Pale palipobaki wazi nilijaza kwa vistari vyembamba vilivyosimama, njia iliyotengenezwa Rome na mtaalamu wa Kiitaliano Cesare Brandi na wenzake kwenye taasisi ya kutibu na kuhifadhi kazi za sanaa iliyoanzishwa 1939. Ukisimama mbali jicho linaviunganisha unaona rangi moja, ukisogea unaviona na unajua hapa pametengenezwa, hakuna kumdanganya mtu. Na rangi hiyo unaiweka juu ya tabaka la resini, yaani gundi angavu ya plastiki, kama Paraloid B-72, ambayo inayeyuka kwenye kimiminika cha asetoni, ili mtu wa baadaye akitaka kuitoa kazi yako aitoe bila kuiumiza picha. Kitu kisichotoka mimi sikiweki.

Ila picha nyingi za huku sio za kanvasi, ni hadibodi na rangi za kung'aa za aina ya kupakia baiskeli, mtindo ambao Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar mwaka 1968, akafariki 1972 ukaendelea na wanafunzi wake. Hadibodi ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, mvua zikianza huku inakunywa unyevu kwenye kingo inavimba, kiangazi inasinyaa, na rangi iliyokauka juu yake haiwezi kuvutika hivyo inapasuka na kunyanyuka kama magamba. Ukiitundika usiigusishe na ukuta wa nje, weka vizibo nyuma hewa ipite. Michoro ya rangi za maji iepushe na dirisha, makumbusho wanaiwekea mwanga hafifu wa lux 50 tu hivi (lux ni kipimo cha mwanga), jua letu la saa sita wala halilinganishwi.

Kuhusu kipato niseme ukweli, michoro ndiyo inayonilisha, chati za kutambua samaki, mabango, kadi kwa wageni wanaokwenda hifadhi ya Gombe. Picha za kutibu zinakuja kwa nadra lakini zinanifanya nichore vizuri zaidi. Kijana anayetaka njia hii asiikimbie kemia, maana bila kujua kimiminika gani kinayeyusha nini utaua picha ya mtu. Na achore vitu halisi kila siku, dagaa, jani la mchikichi, chochote kilicho mbele yake, asichore kwa kukumbuka.

Na wewe mwenye picha nyumbani ambayo rangi imeanza kubanduka: usiifute na kitambaa, usipake tina wala vanishi ya fundi seremala. Ilaze, uso juu, mezani pasipo na upepo. Vipande vilivyodondoka viokote kwa brashi laini uvitie kwenye bahasha, uandike vimetoka upande gani, halafu ipige picha kabla mtu yeyote hajaigusa.