BRICS haina jeshi, na petrodola haikuwa na tarehe ya kuisha

Habari za kimataifa husimuliwa siku hizi kana kwamba dunia ina timu mbili tu, na kila nchi imeshavaa jezi. Picha ya marais wakishikana mikono inasambaa kwa dakika chache. Maandishi waliyotia saini, au waliyokataa kutia saini, hayasomwi na mtu. Hapo ndipo dhana nyingi potofu zinapozaliwa.

Dhana: BRICS ni muungano wa kijeshi wa kupambana na NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani na washirika wake.

BRICS, kundi la nchi zikiwemo Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini, haina mkataba wa kulindana wala sekretarieti ya kudumu. Ina mikutano ya kilele tangu 2009, pamoja na benki ya maendeleo yenye makao yake Shanghai. Juni 2020, askari wa India na China, wote wanachama waanzilishi, walipigana kwa marungu na mawe katika bonde la Galwan kwenye milima ya Himalaya. India ilipoteza askari 20. Novemba mwaka huo huo, Modi wa India na Xi wa China walishiriki mkutano mmoja wa BRICS kwa njia ya video.

Januari 2024 Misri, Ethiopia, Iran na Umoja wa Falme za Kiarabu zilijiunga na BRICS. Misri na Ethiopia ziliingia zikiwa bado zinavutana kuhusu bwawa la Ethiopia kwenye Blue Nile. Kisha Juni 2025 Israel na Marekani ziliishambulia Iran. Wanachama wenzake walikutana Rio de Janeiro mwezi uliofuata, wakalaani mashambulizi hayo bila hata kuwataja walioyafanya. Hakuna aliyevunja ahadi, kwa sababu ahadi ya kumtetea mwenzao haikuwahi kuwepo.

India ndiyo inayowachanganya wengi. Imo ndani ya BRICS, inanunua mafuta ya Urusi, na papo hapo imo kwenye kundi la Quad pamoja na Marekani, Japani na Australia. Wengine huita huo unafiki. Mimi naona ni nchi inayochagua mshirika kwa kila jambo: mafuta kwa huyu, usalama wa bahari kwa yule.

Dhana: Mkataba wa miaka 50 wa petrodola, yaani wa Saudi Arabia kuuza mafuta kwa dola, uliisha Juni 2024, na dola imekufa.

Uvumi huu ulienea mno, na bado unarudiwa. Kilichotiwa saini tarehe 8 Juni 1974 kati ya Marekani na Saudi Arabia kilianzisha tume ya pamoja ya ushirikiano wa kiuchumi. Hakikuwa na sharti la Saudia kuuza mafuta kwa dola peke yake, kwa hiyo sharti hilo lisingeweza kuisha. Saudia huendelea kupokea dola kwa sababu nyingine: tangu 1986 sarafu yake imefungwa kwa kiwango cha riyali 3.75 kwa dola moja, na dola inapokelewa na kuwekezwa karibu kila mahali.

Dola inapungua nguvu, ndiyo, lakini polepole. Mwanzoni mwa karne hii ilikuwa takribani asilimia 70 ya akiba ya fedha za kigeni katika benki kuu duniani. Sasa iko chini kidogo ya asilimia 60. Yuan ya China ina kama asilimia 2, maana serikali ya Beijing bado inabana fedha kuingia na kutoka nchini mwake. Mabadiliko makubwa zaidi yako kwenye dhahabu: kuanzia 2022 hadi 2024, benki kuu zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka.

Dhana: Mwanachama wa NATO akishambuliwa, wote wanaingia vitani papo hapo.

Kifungu cha 5 cha mkataba wa NATO wa 1949 kinasema shambulio dhidi ya mmoja ni dhidi ya wote, kisha kinamwachia kila mwanachama achukue hatua anayoona ni ya lazima. Hatua hiyo yaweza kuwa silaha. Yaweza kuwa nyingine. Kimetumika mara moja tu, baada ya Septemba 11, 2001, kuitetea Marekani yenyewe.

Dhana: Ushuru wa forodha hulipwa na nchi inayouza.

Anayelipa forodhani ni mwagizaji wa nchi iliyoweka ushuru. Muuzaji huumia akilazimika kushusha bei au akikosa soko.

Dhana: Nchi zinazofanya biashara kubwa haziwezi kugombana.

Uingereza na Ujerumani zilikuwa wateja wakubwa wa kila mmoja zilipoingia vitani mwaka 1914. Mwaka 2021 zaidi ya nusu ya gesi iliyoagizwa na Ujerumani ilitoka Urusi. Haikuzuia uvamizi wa Ukraine Februari 2022. Kutegemeana kunampa kila upande bomba la kumfungia mwenzake. China inasafisha takribani asilimia 90 ya madini adimu ya dunia, na Aprili 2025, siku chache baada ya ushuru mpya wa Trump, iliweka sharti la leseni ya kuuza nje saba kati ya madini hayo. Baadhi ya viwanda vya magari vilisimama kwa kukosa sumaku zinazotengenezwa kwa madini hayo. Oktoba 30, Trump na Xi walikutana Busan, Korea Kusini, wakakubaliana kusitishiana baadhi ya vikwazo. Kwa mwaka mmoja.