Utando wa seli ya haidrojeni huuawa na kuvimba na kusinyaa

Chukua kipande kikavu cha utando wa polima, yaani plastiki ya minyororo mirefu ya molekuli, kinachoangaza kama nailoni ya kufunikia daftari, ukilaze kwenye kiganja. Muda si mrefu kitaanza kujikunja chenyewe, kingo zikiinuka na kuiacha ngozi. Jasho la kiganja limeingia upande wa chini na kuutanua, na wa juu ungali mkavu. Wanafunzi wakija maabara kwetu tunawaonyesha hilo kwanza, kabla ya mtambo wowote, kwa sababu karibu matatizo yote ya uimara wa tando hizi yamo humo.

Seli ya haidrojeni huzalisha umeme kwa kukutanisha haidrojeni na oksijeni ya hewani bila kuziwasha moto. Utando hukaa katikati. Unapitisha protoni, yaani chembe chanya za haidrojeni, unazuia gesi mbili zisichanganyike, na unazinyima njia elektroni ili zizungukie kwenye waya na kufanya kazi. Kwenye minyororo ya polima yake huning'inia vikundi vya asidi ya salfoniki, na vikundi hivyo vina kiu kubwa. Maji hujikusanya kuvizunguka katika vidimbwi vya nanomita chache vilivyounganishwa na vijia vyembamba, na humo ndimo protoni zinamopita. Utando ukikauka, vijia vinakatika na umeme unafifia. Kwa hiyo maji hatuwezi kuyakataa, ingawa ndiyo yanayouvimbisha.

Seli za aina hii zilipanda angani na chombo cha Gemini 5 cha Marekani mwezi Agosti 1965. Tando zake, zenye uti wa polistairini, zilikuwa zikichakaa upesi. Baadaye Walther Grot wa kampuni ya DuPont alitengeneza Nafion, polima yenye uti wa kaboni na florini unaofanana na wa Teflon, na kemikali kali za ndani ya seli zikapata mpinzani. Uvimbe ukabaki. Kwa vipimo vya mtengenezaji, karatasi ya Nafion ikitolewa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 50 na kuzamishwa kwenye maji ya nyuzi 23, hurefuka kwa asilimia 10 hivi; kwenye maji yanayochemka, asilimia 15. Ukakamavu wake nao hupungua kwa zaidi ya nusu.

Sasa fikiria karatasi hiyo imebanwa kingo zake zote ndani ya seli. Ikivimba haina pa kwenda, inajikunja, ikikauka, inajivuta. Gari likipanda mlima seli hujaa maji, likisimama hukauka, na hivyo hivyo maelfu ya mara. Ufa huanzia pale mkazo unaporudi rudi, hasa kwenye ukingo.

Wengi hufikiria kwanza kuunenepesha. Nafion 117 ina unene wa karibu milimita 0.18, na ni imara kweli. Lakini protoni hulazimika kusafiri mbali zaidi na nguvu hupotea njiani. Kwa magari naiona ni njia isiyofaa.

Njia inayofaa kila fundi wa nyumba za udongo anaifahamu: udongo peke yake hupasuka, ukishikwa na fito husimama. Fito za utando ni Teflon iliyovutwa hadi ikawa wavu wenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Robert Gore aliigundua mwaka 1969 alipouvuta kwa ghafla ufito wa Teflon uliopashwa moto. Alipokuwa akivuta polepole ulikuwa ukikatika. Wavu huo hujazwa polima ya kupitisha protoni. Utando ukilowa hauwezi kupanuka kwa mapana, unaongezeka unene tu, na mkazo wa kwenye kingo unapungua sana. Kwa sababu hiyo tando za milimita 0.02, hata chini ya hapo, zinaweza kufanya kazi.

Hapa ndipo suala la kushikamana linapoingia, maana Teflon ndiyo ile ya kikaangio kisichogandisha chakula. Polima ikimiminwa na maji matupu haiingii kwenye vinyweleo, hivyo huyeyushwa katika mchanganyiko wenye alkoholi. Macho yanatosha kukagua: wavu mkavu ni mweupe kama chaki, na ukijaa vizuri huwa angavu, kama karatasi ya maandazi iliyolowa mafuta. Palipobaki doa jeupe pana hewa, na hapo ndipo patakapoachana.

Mpaka wa pili ni kati ya utando na elektrodi. Elektrodi ni tabaka la kaboni yenye chembe za platinamu, nasi huchanganya ndani yake polima ileile ya utando iwe gundi na njia ya protoni. Mwaka 1992 watafiti wa maabara ya Los Alamos ya Marekani, Mahlon Wilson na Shimshon Gottesfeld, walieleza jinsi ya kuchapa tabaka jembamba la namna hiyo na kulihamishia kwenye utando kwa kulibana katika joto. Polima hulainika na pande mbili zikashikana. Joto au shinikizo likizidi, chembe za kaboni hutoboa utando. Likipungua, tabaka hubanduka kama lipu iliyopigwa kwenye ukuta wenye vumbi.

Tando zisizo na florini zinatafutwa kwa bidii, hasa baada ya mapendekezo ya mwaka 2023 ya kubana kemikali za florini katika Umoja wa Ulaya. Nyingi zina nguvu nzuri zikiwa kavu, ila ukizipaka elektrodi yenye Nafion, pande mbili huvimba kwa viwango tofauti na kuachana. Gundi kali zaidi haitibu hilo. Kinachosaidia ni kutumia ndani ya elektrodi polima ya jamii moja na utando, au kuweka katikati tabaka jembamba linalovimba kwa kiasi cha kati.

Ukiwa na rula, beseni na kisu kikali unaweza kuanza kuupima uvimbe wa utando mwenyewe. Kata vipande viwili, kimoja kwa urefu wa karatasi na kingine kwa upana, maana mara nyingi havivimbi sawa. Vipime vikavu, vizamishe usiku kucha, vipime tena vikiwa bado majini. Kisha pima kipande kilichopakwa elektrodi, ukikilowesha na kukikausha mara nyingi. Tazama ukingo wake kwa kioo cha kukuzia. Huko ndiko kubanduka kunakoonekana kwanza.