Je, wajua kwa nini goti bovu hunyamaza katikati ya mbio?

Alfajiri kwenye barabara ya Capri Point, Mwanza, si ajabu kumwona mkimbiaji akichechemea kilomita ya kwanza, halafu kufika ya nne anakwenda sawasawa. "Kaka, goti limeachia," anamwambia mwenzake, na wote wawili wanaongeza mwendo.

Wengi huamini kwamba goti limepata moto, kwa hiyo kilichokaa vibaya kimerudi mahali pake. Kuna ukweli kidogo hapo. Kano iliyochoka, hasa ya kisigino au ya chini ya goti, mara nyingi hupunguza maumivu ikishapashwa, kisha huuma tena kesho asubuhi. Lakini kupungua si kupona. Kano iliyoumia hutaka wiki nyingi, pengine miezi, na mfupa wenye ufa hutaka wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Hakuna kinachoungana kwa nusu saa ya kukimbia, tena kikiwa kinagongwa kila hatua. Maumivu yanapozimika ghafla kiasi hicho, sehemu kubwa ya mabadiliko imetokea kwenye uti wa mgongo na ubongo.

Neva za goti hupeleka taarifa ya hatari tu; kuuma kwenyewe hutengenezwa ubongoni. Njiani, kwenye uti wa mgongo, taarifa hiyo inaweza kupitishwa au kuzuiwa. Watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa hoja hiyo mwaka 1965, na ingawa mengi yamerekebishwa tangu hapo, kiini chake kimesimama. Chukua geti la soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Malori ya dagaa yanafika, mlinzi anayaingiza moja moja. Mara ofisi inampigia simu: funga kwanza, huku ndani tuna kazi. Dagaa hawajapungua hata gunia moja, foleni inarefuka barabarani, ila aliye ndani anaona soko limetulia. Ofisi hiyo ndiyo shina la ubongo. Moyo ukidunda na watu wakishangilia, linateremsha amri hadi kwenye uti wa mgongo, na kemikali za jamii ya morfini ambazo ubongo hujitengenezea hupunguza kinachopita. Mbio zikiisha geti hufunguliwa, malori yote yanaingia kwa mkupuo, na mtu aliyevuka utepe akicheka anashindwa kushuka kwenye daladala.

Endofini, mojawapo ya kemikali hizo za jamii ya morfini, husifiwa sana, lakini ile ya kwenye damu hupenya ubongoni kwa shida. Ndiyo maana watafiti wanaziangalia pia kemikali nyingine za mwili, zinazofanya kazi kwa njia ya bangi, ambazo hupenya kwa urahisi. Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa hizo ndizo zilizopunguza maumivu baada ya kukimbia, lakini ulifanywa kwa panya, kwa hiyo tusiuvute mbali mno.

Kuna kitu ambacho geti halikifichi: mwendo. Mkimbiaji wa Tanzania, John Stephen Akhwari, alianguka kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, goti likateguka. Alimaliza kwa saa 3:25:27, wa mwisho kati ya 57 waliofika, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Filamu inamwonyesha akiingia uwanjani mguu umefungwa bandeji, na hatua zake zinasema yote.

Basi mwambie mwenzako akimbie nyuma yako akutazame. Ukikwepa mguu mmoja, simama, hata kama husikii maumivu. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ya asubuhi ya mbio iache nyumbani: inafunika taarifa ileile unayoihitaji, na kwa mwili uliokauka maji inazibana figo. Kisha bonyeza ugoko kwa kidole. Maumivu yakikaa kwenye nukta moja juu ya mfupa, shuku ufa na uende hospitali, na usiridhike upesi na picha safi ya eksirei, kwa sababu ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani katika wiki 2 au 3 za mwanzo.