Kompresa ya PSI 125 inayogota kwenye 103

Hapa Arizona, hasa Januari jangwa la Quartzsite linapofurika motohomu, yaani magari yenye nyumba ndani, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, kompresa yangu imeandikwa PSI 125, tairi linataka 110, mbona ikifika 103 haiendi tena?" PSI ndiyo kipimo cha presha ya upepo. Mwenye swali huwa keshashuku mpira wa kupitishia upepo unavuja au vali imeziba. Mara nyingi vyote ni vizima.

Kompresa yenye mtungi ina swichi ya presha, na swichi hiyo ina namba mbili. Ya kwanza ni ya kuzima mota, ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Ya pili ni ya kuwasha tena, nayo iko chini zaidi, tuseme 95 kwa mashine ya 125. Ukichomeka mpira kwenye vali, upepo wa mtungini unakimbilia kwenye tairi. Tairi la rimu ya inchi 22.5 linameza upepo mwingi na mtungi wenyewe ni mdogo, kwa hiyo presha ya mtungi inaporomoka hadi ilingane na ya tairi. Zikikutana kwenye 103, upepo hausogei tena. Na mota nayo haiwaki, maana 103 bado iko juu ya 95. Wewe umechuchumaa na geji mkononi, mashine kimya, kwa hesabu yake kazi imekwisha.

Dawa yake ni rahisi. Chomoa mpira kwenye tairi, fungua koki iliyo chini ya mtungi upepo utoke hadi usikie mota imewaka, funga koki, kisha rudi kwenye vali mota ikiwa inanguruma. Sasa itasukuma bila kuzima mpaka 125. Anayetaka kununua mpya namshauri aulize inawaka tena kwa PSI ngapi. Namba hiyo ikiwa juu ya presha ya tairi lake, hatasumbuka.

Motohomu za dizeli zenye breki za upepo zina tabia hiyo hiyo. Gavana, yaani kifaa kinachodhibiti presha, hukata kompresa ya injini kwenye 120 hadi 130 na kuirudisha kwenye 100 hivi. Kama gari lina kiungio cha mpira wa upepo, unaweza kujazia hapo. Ikigota, kanyaga breki mara kadhaa presha ishuke, kompresa irudi kazini. Tia kigingi kwenye magurudumu kwanza. Ndugu zetu wanaoendesha malori huku hawahitaji kuelezwa hili.

Vile vipampu vya volti 12 visivyo na mtungi havina ugomvi huu. Shida yao ni joto, vinahitaji kupumzishwa, na vikubwa vinakula ampea 30 hivi, kwa hiyo vibane moja kwa moja kwenye betri, injini ikiwa inawaka. Ukichomeka kwenye tundu la sigara utaunguza fyuzi. Kwa kompresa za umeme wa nyumbani, refusha mpira wa upepo, usirefushe waya. Waya mwembamba mrefu unaishusha volti na mota inateseka.

Wengine huniuliza kwa nini wasiende tu kituo cha malori. Waende, lakini presha hupimwa tairi likiwa baridi, na ukishaendesha hadi kituoni limeshapata moto. Pima asubuhi kabla hujaondoka, andika pengo. Kama lilikuwa 92 na linatakiwa 100, kituoni ongeza 8 juu ya namba yoyote utakayoikuta. Hali ya hewa nayo ina lake: tairi la PSI 100 hupoteza kama 2 kwa kila nyuzi 5 na nusu za Selsiasi. Mtu anatoka Phoenix kwenye joto, analala Flagstaff kule juu milimani, alfajiri kuna baridi zaidi kwa nyuzi 20, geji inasoma pungufu kwa PSI kadhaa, anadhani ana pancha.

Matairi pacha ya nyuma ndiyo yanayonitia hofu, lile la ndani zaidi. Halionekani, na kuligonga kwa rungu hakukwambii lina 60 au 100. Tumia geji yenye kichwa cha pande mbili. Ukikuta tairi la 110 limeshuka hadi 88 au chini, yaani asilimia 80, na gari limetembea nalo hivyo, usiliongezee upepo hata kidogo. Nyaya za chuma ndani ya ubavu huwa zimepindwa hadi zikachoka, na upepo ukirudi zinakatika mfululizo, ubavu unafunguka kama zipu kwa nguvu ya kuua mtu. Tairi hilo linavuliwa, linakaguliwa ndani na nje, na likionekana zima linajazwa ndani ya kizimba cha chuma. Hata kwa lililopungua kidogo tu, tumia kichwa kinachojibana chenyewe kwenye vali, mpira mrefu wenye geji katikati, nawe usimame upande wa kashata za tairi, mbali na ubavu wake.