"Akili Ikitulia Atakula": Dhana Inayochelewesha Matibabu ya Maradhi ya Ulaji

"Mtibu kwanza huzuni, hamu ya chakula itarudi yenyewe." Kauli hii naisikia kwa wazazi, kwa wenza wa wagonjwa na, jambo linalonisikitisha zaidi, kwa wahudumu wa afya wanaomleta mgonjwa wa anoreksia (maradhi ya kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa) aliyekwisha kudhoofu wakitaka apewe dawa ya sonona, huku suala la mlo likisubiri. Halipaswi kusubiri hata siku moja. Kwa mtu mwenye utapiamlo, sehemu kubwa ya huzuni, wasiwasi, hasira za ghafla na mawazo yanayozunguka palepale husababishwa au huzidishwa na njaa yenyewe, na mazungumzo ya tiba hayapenyi vizuri katika ubongo usiolishwa.

Hili lilidhihirika zamani. Katika jaribio lililoanza mwaka 1944, Ancel Keys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwachukua wanaume 36 waliojitolea, wenye afya njema ya mwili na akili, wakawalisha kwa miezi sita takriban kilokalori 1,570 kwa siku, kiasi ambacho leo wengi wangekiona kuwa mpango wa kawaida wa kupunguza uzito. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Wakawa wenye huzuni na wepesi wa kukasirika, wakajitenga, wakapoteza hamu ya tendo la ndoa, wakawaza chakula mchana kutwa. Baadhi yao walikusanya vitabu vya mapishi na kuuvuta mlo mmoja kwa muda mrefu kupita kiasi. Hawakuingia katika jaribio hilo kwa hofu ya kunenepa, lakini tabia zao zilifanana mno na zile tunazozihesabu kuwa tabia za mgonjwa. Hata walipoanza kulishwa tena, wengi hawakurudia hali yao upesi.

Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Katika anoreksia kali ujazo wake hupungua, na sehemu kubwa ya upungufu huo hurekebika uzito unaporejea. Dawa za sonona nazo huleta nafuu ndogo kwa mgonjwa ambaye uzito wake bado uko chini sana. Maelezo mojawapo ni kwamba serotonini, kemikali ya ubongo ambayo dawa nyingi za sonona huitegemea, hutengenezwa kutokana na triptofani, kijenzi cha protini ambacho mwili hukipata katika chakula tu.

Sisemi kwamba tiba ya kisaikolojia haina kazi. Tiba hiyo na chakula vinakwenda pamoja, na hofu ya chakula huweza kupanda katika wiki za mwanzo za kula, wakati ambapo familia nyingi hukata tamaa na kudhani kwamba chakula ndicho kinachomdhuru. Ushauri ninaoushikilia ni milo mitatu na vitafunio vitatu kwa saa maalumu, bila kumuuliza mgonjwa kama ana njaa, kwa sababu hisia zake za njaa na shibe zimevurugika na haziwezi kuwa kipimo.

Wapo wanaosema kwamba asiyekonda hana utapiamlo. Si kweli: aliyepoteza uzito mwingi kwa muda mfupi anaweza kuwa hatarini hata kama bado anaonekana mnene, na mgonjwa wa bulimia (maradhi ya kula kwa kupindukia kisha, mara nyingi, kujitapisha) mwenye uzito wa kawaida anaweza kupoteza potasiamu, madini yanayohitajiwa na moyo, kwa kutapika hadi mapigo ya moyo yakavurugika. Wanaume nao huugua, ila huchelewa kutambuliwa. Majibu mazuri ya damu pia hayamtoi mtu hatarini, kwani vipimo vinaweza kubaki vya kawaida huku mwili ukizidi kudhoofu; tazameni mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kasi ya kupungua uzito.

Kinyume chake, wapo wanaotaka mgonjwa ashibishwe kwa pupa. Aliyekaa muda mrefu bila kula vya kutosha, akilishwa kwa wingi ghafla, fosfeti (madini ambayo seli huyahitaji ili kutumia nishati) katika damu yake inaweza kushuka ndani ya siku chache za mwanzo, na moyo ukashindwa kufanya kazi. Mgonjwa wa namna hiyo aanzishiwe chakula chini ya uangalizi wa daktari, apewe thiamini (vitamini B1) kabla ya kuanza kulishwa, na apimwe fosfeti, potasiamu na magnesiamu kila siku katika kipindi hicho cha mwanzo.