Tetesi za ubia wa chipu: soma tangazo kabla hujanunua hisa

Malalamiko kuhusu hisa za kampuni za chipu za nyuromofiki, zinazoiga utendaji wa ubongo, yanafanana. Mtu amenunua kwa tetesi za ubia, ubia haukutangazwa, bei ikaporomoka.

Tuichukue BrainChip, iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Australia, ASX. Januari 2022 Mercedes-Benz ilizindua gari la Vision EQXX na kutamka yenyewe kwamba imeshirikiana na BrainChip na kutumia teknolojia yake ya Akida, ikiwemo kutambua maneno "Hey Mercedes". Ndani ya wiki chache hisa zilipanda zaidi ya mara mbili. Habari ilikuwa ya kweli, ila gari lile ni la majaribio na haliuzwi. Miaka miwili baadaye bei ilikuwa chini ya ilipoanzia.

Kanuni 3.1 ya ASX inaitaka kampuni kutangaza mara moja taarifa yoyote inayotarajiwa kugusa bei ya hisa zake kwa kiasi kikubwa. Kanuni 3.1A inairuhusu kunyamaza kwa masharti yanayotimia kwa pamoja: mathalani mazungumzo hayajakamilika, taarifa bado ni siri, na mtu mwenye busara asingetegemea itangazwe. Siri ikivuja, ruhusa inakwisha. Kwa hiyo tunaomba hoja ya "wamesaini, ila mkataba wa siri umewafunga midomo" iachwe. Mkataba ukishasainiwa na una uzito wa kusogeza bei, ahadi ya usiri si kinga. Mhandisi wa kampuni nyingine kupenda chapisho la BrainChip mtandaoni, au hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) inayoitaja Akida, si ubia.

Hata kusimamishwa kwa biashara ya hisa, ambako kwa kawaida hakuzidi siku mbili za soko, si ishara ya ubia: mara nyingi hutangulia kampuni kuuza hisa mpya ili ipate fedha. Aliyenunua jana kwa matumaini ya ubia huamka umiliki wake umepungua.

Fungua fomu 4C, ripoti ya fedha taslimu zilizoingia na kutoka, ambayo kampuni changa kama hizi huwasilisha ndani ya mwezi mmoja baada ya kila robo mwaka. Kifungu 1.1 kinaonyesha fedha zilizopokelewa kutoka kwa wateja. Kifungu 8.5 kinakadiria fedha zilizobaki zitatosha robo ngapi. Zikiwa chini ya mbili, kampuni inalazimika kujieleza. Leseni ya usanifu wa chipu huleta ada kwanza. Mrabaha huja bidhaa ya mteja inapoanza kuuzwa, mara nyingi baada ya miaka. Ubia usiosogeza kifungu 1.1 robo baada ya robo haujawa biashara.

Kueneza taarifa ya uongo ili kushawishi watu wanunue, au kununua kwa taarifa ya ndani, ni kosa chini ya sheria ya makampuni ya Australia ya 2001; kifungo hufikia miaka 15. Anayeshiriki akiwa Mombasa au Muscat asidhani umbali ni kinga. Ukikutana na tangazo la ubia lisilo kwenye tovuti ya ASX, piga picha ya skrini inayoonyesha akaunti, tarehe na saa, hifadhi kiungo, kisha ripoti kwa ASIC, mamlaka ya Australia inayosimamia makampuni na masoko ya fedha, kupitia tovuti yake.